Vijana 12 wa Clinton

Leo nimefika Clinton, mji mdogo wa Tennessee, Marekani, na bado donge limenikaa kooni. Nimezitazama sanamu za shaba za wale vijana 12 weusi waliothubutu kwenda kusoma shule ya wazungu, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Watoto kabisa!

Kabla ya 1956, wanafunzi weusi wa hapa walipandishwa basi hadi Knoxville, ilhali sekondari ya serikali, ya wazungu tu, ilikuwa pale chini ya kilima, mwendo wa miguu tu. Mahakama ikaamuru wapokelewe. Agosti 1956 vijana hao 12 wakateremka pamoja. Wazungu waliowapinga wakazua fujo, gavana akaleta askari na vifaru. Hebu fikiria, vifaru kwa ajili ya watoto kwenda kusoma! Desemba mchungaji mzungu, Paul Turner, akawasindikiza hadi shuleni. Alipoondoka, akashambuliwa akavuja damu.

Bobby Cain, mmoja wa wale 12, alivumilia yote akahitimu 1957. Huyo namvulia kofia.

Tarehe 5 Oktoba 1958, alfajiri ya Jumapili, baruti ikalibomoa jengo la sekondari hiyo. Hakuna aliyeumia. Masomo yakahamia mji jirani wa Oak Ridge, na shule ikafunguliwa upya 1960.

Shule ya msingi ya vijana hao, Green McAdoo, sasa ni makumbusho. Mkipita huku, ingieni na watoto.