Kupakua picha zote kutoka Google Photos hadi kwenye diski ya nje bila kupoteza tarehe

Zipu zote, yaani faili zilizobanwa zinazobeba picha zako kutoka Google, zimeshuka, umezifungua, na picha ya mwaka 2014 inaonyesha imetengenezwa leo asubuhi. Ukipanga kwa tarehe, picha za harusi zinachanganyika na risiti uliyoipiga juzi. Tulia, usifute kitu. Tarehe unayoiona hapo ni ya faili, yaani siku ilipoandikwa kwenye diski yako. Tarehe ya kupigwa picha huwa imo ndani ya picha yenyewe, katika maelezo ya EXIF ambayo kamera huyaandika papo hapo. Bofya kulia, fungua sifa za faili, nenda kwenye maelezo yake, utaikuta.

Zipo lakini picha ambazo kweli hazina tarehe ndani, na ndizo zinazotesa. Tutazifikia. Tuanze na upakuaji, maana makosa mengi huzaliwa huko.

Kwa mafungu madogo, tovuti ya Google Photos yenyewe inatosha: chagua picha ya kwanza, shikilia Shift, chagua ya mwisho, kisha bonyeza Shift na D. Kwa mkusanyiko mzima nenda takeout.google.com, huduma ya Google ya kupakua nakala ya data zako. Ukifika, ondoa tiki zote kwanza, maana Takeout huanza ikiwa imechagua kila kitu ulichonacho Google, barua pepe zikiwemo. Weka tiki Google Photos peke yake. Kisha fungua orodha ya albamu iliyo chini yake, na hapa usipite haraka: picha iliyo ndani ya albamu huletwa mara mbili, moja kwenye folda ya mwaka wake na nyingine kwenye folda ya albamu. Ukibakiza folda za miaka tu, unapata kila picha yako mara moja. Ukizihitaji albamu kwa mpangilio wake, zichukue zote, ila ujue mzigo utazidi kiasi unachokiona kwenye akaunti. Na picha ambazo mtu mwingine ameziweka kwenye albamu mnayoshiriki zihifadhi kwanza kwenye akaunti yako. Bila hivyo zinahesabiwa kuwa zake.

Ukubwa wa kila zipu unauchagua mwenyewe, kuanzia GB 1 hadi GB 50. Piga hesabu ya intaneti yako kabla ya kuchagua. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 100 huchukua kama saa 22, na zipu moja ya GB 10 kama saa mbili na robo. Mtandao ukikatika ikiwa imebaki dakika tano, kivinjari mara nyingi huanza tena kutoka sifuri, na Google huweka kikomo cha mara ngapi unaweza kupakua zipu ileile. Viungo vyenyewe hufa baada ya takriban wiki moja. Kwa hiyo GB 50 ni ya mwenye mtandao usiotetereka. Kwa wengine GB 2 au 4 inalipa, hata kama idadi ya zipu inachosha.

Kwenye kompyuta, tenga nafasi mara mbili ya mzigo, kwa kuwa kwa muda utakuwa na zipu na picha zilizofunguliwa kwa pamoja. Kabla ya kufungua, zipitishe kwenye kipimo cha 7-Zip, programu ya bure ya kufungua zipu, ambacho husoma zipu nzima na kusema kama ina kasoro. Zipu iliyokatika njiani ijulikane sasa, viungo vikiwa bado hai.

Kisha zifungue zote ndani ya folda moja. Chagua zipu zote kwa pamoja, uziamuru zifunguke hapohapo, na folda za miaka zitaungana zenyewe. Ukifungua kila zipu kwenye folda yake utajikuta na vipande vya mwaka uleule sehemu tano, na baya zaidi, picha inaweza kuwa kwenye zipu ya tatu na faili yake ya JSON, faili dogo la maandishi lenye maelezo ya picha hiyo, kwenye ya nne. Kwenye Windows, folda hiyo iwe na njia fupi, yaani anwani yake kwenye diski, kwa mfano D:\P. Njia ya faili ikizidi herufi 260, programu nyingi hushindwa, na baadhi hurukia faili inayofuata bila kukupa taarifa ya maana.

Sasa hizo JSON. Watu huziona ni takataka na kuzifuta. Subiri. Ukifungua moja kwa kihariri cha kawaida cha maandishi utaona neno photoTakenTime na chini yake namba kama 1561900000. Hizo ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na namba hiyo ni 30 Juni 2019, saa 7 na dakika 6 mchana kwa saa za UTC, saa ya kimataifa, si lazima saa za mahali ulipokuwa. Humo pia mna maelezo uliyoandika chini ya picha, na mahali au tarehe uliyoirekebisha kwa mkono ndani ya Google Photos. Marekebisho hayo hayaandikwi ndani ya picha. Ulishaskani picha za zamani za karatasi na kuzipa tarehe kupitia tovuti? Tarehe hizo ziko kwenye JSON tu.

Kundi jingine ni picha za WhatsApp. WhatsApp huondoa EXIF inapotuma, kwa hiyo ndani hazina tarehe. Bahati nzuri jina lenyewe hukusaidia: IMG-20190630-WA0007.jpg ni ya 30 Juni 2019, ingawa hiyo ni siku iliyopita WhatsApp, huenda picha ilipigwa mapema zaidi.

Kwa picha zenye EXIF, kilichobaki ni kuinakili tarehe ya ndani iwe tarehe ya faili. Programu ya bure ya ExifTool inafanya hivyo kwa mstari mmoja:

exiftool "-FileModifyDate<DateTimeOriginal" -r D:\P

Ijaribu kwanza kwenye folda ndogo. ExifTool inaweza pia kusoma tarehe kutoka kwenye JSON, ila majina hukuangusha: Takeout hukata majina marefu, na picha IMG_2041(1).jpg JSON yake inaweza kuitwa IMG_2041.jpg.supplemental-metadata(1).json, mabano yamehama. Ndiyo maana amri moja haizinasi zote. Zitakazobaki, zishughulikie kwa mkono, au ziache na JSON zake pembeni, hazili nafasi.

Kama picha zako ziko iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, njia ni fupi. Kwenye Mac, fungua mipangilio ya programu ya Photos na uchague kupakua picha halisi; ikibaki kwenye kubana nafasi, unachokuwa nacho kwenye Mac kinaweza kuwa vijipicha vidogo tu, na ukikinakili kwenye diski umenakili hivyo vidogo. Asiye na Mac aombe nakala kupitia privacy.apple.com, inayoweza kuchukua hadi siku saba kuandaliwa.

Diski ya nje ifomati kwa mfumo wa faili wa exFAT kama itatumika Windows na Mac. Mac husoma NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, lakini haiandiki humo bila programu ya ziada, na FAT32 hukataa faili yoyote inayofika GB 4 hata diski ikiwa tupu. Video ndefu hukwama hapo. Udhaifu wa exFAT ni kwamba haina kumbukumbu ya kujirekebisha, hivyo ukiichomoa ikiwa inaandika unaweza kuharibu orodha nzima ya faili. Itoe kwanza kwenye mfumo, ndipo uvute waya.

Flashi au SSD ya bei ya kutiliwa shaka ipime kabla ya kuiamini, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Hizi huijaza yote kisha husoma kilichoandikwa. Zile bandia hujitangaza kuwa na nafasi kubwa, hupokea kila kitu, majina ya faili yanaonekana, lakini ukifungua picha hakuna kitu.

Ukishanakili, linganisha. Idadi na jumla ya ukubwa ni hatua ya kwanza tu. Programu kama TeraCopy huhakiki yaliyomo, na kwenye Linux au Mac amri ya rsync -avnc hutaja kila faili iliyotofautiana bila kugusa chochote.

Nakala za mawinguni usizifute mpaka uwe na diski ya pili iliyohakikiwa, inayokaa nyumba nyingine. Ukifuta, Google huweka picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni kwenye pipa la taka kwa siku 60, Apple siku 30. Kwa picha zinazoendelea kuingia, Takeout ina chaguo la kutuma nakala kila miezi miwili kwa mwaka mmoja. Itakutumia barua pepe zikiwa tayari. Kupakua ni juu yako.