Nilimuuliza kabla hajavua kiatu cha pili

Jumapili, usiku. Nimerudi kutoka Uwanja wa Jamhuri na vumbi limeingia mpaka kwenye sponji ya maiki. Mwezi wa kumi upepo wa Dodoma hauna adabu, unakuvua kofia mbele za watu. Ila siandiki haya kwa sababu ya vumbi.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa ligi, nisiyemtaja, timu yake ilifungwa mbili bila pale pale Jamhuri. Alitolewa dakika za mwisho. Nilimkuta kwenye ngazi za kuingilia vyumbani, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko peku, goti limefungwa barafu kwenye mfuko wa nailoni na maji yanachuruzika hadi kwenye soksi. Goti sikuliuliza. Nilimsogezea maiki nikasema: "Dogo, mkataba wako unaisha mwisho wa msimu. Una mpango gani?"

Akanitazama, kisha akamtazama ofisa habari wa klabu yake aliyekuwa nyuma yangu. "Kaka, mimi bado mchezaji wa hapa. Mengine anajua Mungu."

Jioni ile habari ikatoka na kichwa cha kwamba ananukia Dar. Kichwa sikukiandika mimi, lakini jina lililokuwa chini yake ni langu. Mechi iliyofuata alizomewa kila alipogusa mpira. Mama yake akampigia kutoka Kondoa, amesikia redioni: "Unahama hata kuniaga hujaniaga?" Haya kanisimulia mwenyewe leo, bila hasira. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

Nimejitetea wiki nzima. Swali ni halali, nikawa najiambia. Shabiki anayelipa kiingilio ana haki ya kujua kama winga wake atakuwepo msimu ujao. Mwishoni mwa 2022 kiungo Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga, hakuna kijiwe cha kahawa ambacho hakikujadili vipengele vya mkataba wake, suala likaenda kwenye shirikisho la soka, TFF, na katikati ya 2023 akatua Azam. Waandishi wangenyamaza ingekuwa uzembe.

Sawa. Lakini hebu lijibu lile swali ukiwa wewe ndiye uliyekaa kwenye ngazi. Ukisema unabaki, umejishushia dau kabla hujakaa mezani. Ukisema unaondoka, mashabiki hawatakusubiri. Ukisema hujui, unaambiwa unaringa. Ukinyamaza, "agoma kuzungumzia hatima yake". Nilimpa milango minne na yote inaishia shimoni, halafu nikashangaa kwa nini kamkimbilia Mungu.

Na hesabu zenyewe sikupiga, hilo ndilo linalonitia aibu kama mtu wa kazi hii. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji mwenye mkataba anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine pale tu mkataba wake umekwisha au umebakiza miezi sita. Klabu inayomtaka inapaswa kuiandikia kwanza klabu yake, ndipo izungumze naye. Mkataba wa dogo unaisha Juni. Kutoka Oktoba hadi Juni ni miezi minane, mtoto wa darasa la pili anahesabu kwa vidole. Kwa hiyo, kama kweli kuna timu iliyokuwa imemfuata kinyemela, nilikuwa namtaka akiri kosa mbele ya kamera, tena bosi wake akisikiliza. Kama haipo, basi sikuwa na swali lolote.

Wa kuulizwa alikuwepo: katibu wa klabu. Mmemwekea ofa ya kuongeza mkataba au bado? Huyo ana ofisi na muda wa kupanga jibu. Ila katibu hapokei simu, mchezaji yuko pale anatoka jasho. Tunamuuliza aliye karibu, si anayejua.

Halafu akanipigia wakala wake. Nilidhani ananigombeza, kumbe ananishukuru. "Umenisaidia sana, kaka. Sasa malizia, andika timu mbili za Dar zimeleta ofa." Nikamuuliza kama zimeleta. Akacheka. "Wewe andika, zitaleta." Akaniomba na namba ya kunitumia hela ya maji.

Sitajifanya malaika, nauli za watu nimewahi kupokea. Hii nilikataa, na si kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu nilielewa ghafla kazi niliyokuwa nimeifanya pale kwenye ngazi. Ilikuwa ya udalali, tena sikudai hata asilimia.

Leo nilimkuta amekaa ngazi zile zile. Nikamuuliza goti. Akaongea dakika nne nzima: jinsi linavyouma akikata ndani kwa mguu wa kushoto, jinsi daktari wa timu anavyomfunga bandeji, na jinsi alivyoogopa usiku ule kwamba limekatika kabisa. Ni habari nzuri kuliko yoyote niliyoandika msimu huu, na ilikuwepo pale wiki mbili zilizopita, inachuruzika maji mbele yangu. Nilipozima kinasa sauti ndipo akanieleza ya mama yake.

Mkataba nitauuliza, sijaacha kazi. Kwenye ukurasa wa Januari wa daftari langu nimeandika: katibu kwanza, halafu wakala, halafu yeye, kwa simu, siku isiyo na mechi, aambiwe mapema.

Mhariri ametuma ujumbe: "Ya mkataba umegusia?" Baada ya nusu saa akatuma alama ya kuuliza peke yake. Nitamjibu asubuhi. Sasa hivi sponji ya maiki iko kwenye beseni, na maji yameshakuwa mekundu kwa udongo.