Kola Iliyonipeleka Gikomba

Mwaka wa 2014 nilikataliwa kazi kwenye duka moja la ushonaji karibu na River Road, Nairobi. Jaribio lilikuwa shati la mwanamume. Fundi mkuu alilishika, akapitisha kidole kwenye kola, akanirudishia. "Binti yangu, ncha za kola zinatazama juu. Nenda ukajifunze." Nililia kwenye matatu hadi Kariobangi, na sioni haya kulisema.

Jumamosi iliyofuata nilidamka kwenda Gikomba, soko la mitumba, wakati marobota yanafunguliwa. Nikanunua mashati manne yaliyochakaa lakini yenye kola nzuri. Sikuyavaa. Niliyafumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, usiku baada ya usiku. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kuonyeshwa: kipande cha chini cha kola hukatwa kidogo kuliko cha juu. Milimita chache tu! Ndizo zinazovuta mshono uingie chini na ncha zikalala. Mimi nilikuwa nikikata vyote sawa.

Lile shati la nne nililishona upya mara sita.

Leo nina vyerehani vitatu na wasichana wawili ninaowafundisha. Mtu akiniletea kazi ambayo haijakomaa, simfukuzi. Tunakaa chini, nampa wembe na shati kuukuu, tunafumua pamoja. Yule mzee simlaumu, maana aliniambia ukweli. Ila hadi leo natamani angenionyesha na zile milimita.