Nzi wa Dirishani

Julai 2011, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nusura nimwendee mhadhiri nimwambie vitabu vinadanganya.

Nilikuwa nimefungisha ndoa nzi wa matunda: majike wa ukoo wa Canton-S, madume wa Harwich, ukoo uliokusanywa Marekani mwaka 1967. Madume hao hubeba elementi P, vipande vya DNA vinavyojichomoa na kuhamia kwingine kwenye kromosomu. Majike wa Canton-S hawana. Binti wa ndoa hiyo kwa macho ni mzima, lakini ovari zake hazikui. Tasa. Geuza sasa, mama awe Harwich na baba Canton-S: mabinti wanazaa bila shida. Hapo ndipo nilinaswa. Damu ni ile ile, kilichobadilika ni mama. Mama wa Harwich huweka ndani ya yai vijipande vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, vinavyoinyamazisha P. Yule mwingine hana cha kumwekea mwanawe, na P huachwa iharibu ovari.

Basi nikapasua binti wa kwanza chini ya hadubini. Mayai. Wa pili, mayai. Kufika wa kumi nilijua nimechanganya chupa.

"Mzee, nimeharibu," nikamwambia fundi wa maabara, aliyepika uji wa nzi (unga wa mahindi, sukari, hamira, agari) tangu sijazaliwa.

"Uliwaweka wapi, kijana?"

"Hapo dirishani. Stima ilipotea, inkubeta ikazima."

Akavuta zipu ya koti hadi kidevuni. "Dirishani? Mwezi huu?"

P hufanya uharibifu huo kwenye joto. Watu hutumia digrii 29. Nairobi ya Julai, jua halionekani mpaka saa sita, chumba chetu hakikufika 20. Na dalili nilikuwa nayo! Nzi walichukua karibu wiki tatu kukomaa badala ya siku kumi hivi, nami nikaenda kumlaumu Mzee kwamba hamira yake imekufa.

Nikarudia, inkubeta kwenye 29, nikiombea stima kila usiku. Safari hii, pahali pa ovari palikuwa na vinyuzi viwili vilivyosinyaa, karibu nivikose. Mabinti wa ndoa iliyogeuzwa, waliolelewa inkubeta hiyo hiyo, walijaa mayai.

Nikamwita Mzee achungulie. Aliinama kitambo, asiseme neno.

"Kwa hivyo hamira yangu ilikuwa sawa," akasema.