Jinsi nilivyozuia vyungu vyangu kupasuka

Vyungu vyangu vitatu vya kwanza vilipasuka kabla havijaona moto. Ndiyo kwanza nimeanza kujifunza ufinyanzi hapa Ujiji, na kila nikiamka nakuta ufa uleule, umeanzia mdomoni ukashuka upande wa ziwani.

Upande wa ziwani! Hapo ndipo nilipogutuka. Upepo wa Tanganyika ulikuwa unakausha ubavu mmoja, unasinyaa, huku mwingine bado mbichi.

Bibi anayetufundisha akamega udongo wangu, akausugua kwa vidole. "Mwanangu, huu unanata mno. Upe vigae."

Nikatwanga chungu kingine, kilichokwisha kuchomwa kikavunjika, nikachekecha, nikachanganya kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya udongo. Nikakanda hadi nikiukata kwa uzi sioni tundu la hewa hata moja. Chenga za kigae hazisinyai tena, zilishapita motoni, na hufungua njia unyevu utoke taratibu.

Chungu kipya nikakikausha ndani, nimekifunika gunia lenye unyevunyevu, na mdomo ulipokaza nikakigeuza ili kitako nacho kipate hewa. Siku tisa. Ndipo tukakichoma kwa kuni na nyasi.

Juzi nimepikia maharage.