Stima ilipopotea

Jana usiku stima ilipopotea, mwanangu alitoka barazani akatazama upande wa pwani. “Mama, mbona bahari inang'aa kuliko mji?” Nikasahau hata kutafuta mshumaa.

Nilikumbuka kiota kile cha kasa tulichokuwa tumekihesabia siku 54, mimi na Mjomba (mtu wa kelele). Watamu, msimu wa kusi. Bahari ya pale ni hifadhi tangu 1968, lakini hoteli mpya ilikuwa imekwisha kukata mivinje na kutundika taa mahali pake. Mtoto wa kasa akifukuka mchangani usiku hufuata penye mwanga, na tangu enzi na enzi penye mwanga ni baharini.

Tulichelewa nusu saa tu. Vijinjia vyao mchangani vilikuwa vimeipa bahari mgongo. Walishapenya chini ya geti, wametapakaa maegeshoni. Nikapiga magoti kwenye kokoto na ndoo yangu, nawaokota mmojammoja. Mweusi, kiganja kimemtosha, mchanga umemganda machoni, na hata akiwa hewani mapezi hayaachi kupiga makasia. Ndani ya ndoo walikwaruza plastiki kama rasharasha juu ya bati. Nikiokota wawili, watatu wananipita kwenda kwenye taa.

“Mzee, zima taa.”

“Binti yangu, meneja hashiki simu.”

“Zima, babangu. Nakuomba.”

Askari aliitazama ndoo. Akapita nyuma ya jikoni. Giza! (Jenereta sijui aliifanyaje.) Kule baa wageni wakaguna, nikamsikia akiwaambia kwa ile sauti ya kazini, “Poleni sana, stima imepotea.”

Waliobaki chini walisimama. Kimya. Kisha mmoja akageuka.

Mwisho wa mwezi mzee hakuwapo tena getini. Sikuuliza kwa nini. Ningemuuliza nani, na kwa uso gani?

Baada ya miaka miwili nikamkuta Gede, kwenye stendi ya matatu, anauza madafu. Akanikatia moja, hela akakataa.

“Wale watoto,” akasema, “walifika?”

“Wote, mzee.”

Alfajiri ile, gari la mboga lilipokwisha kuingia na kutoka, Mjomba aliokota 11 kwenye kokoto, akawafunga kwa kanga yangu.