Asidi ya kuchubua ilivyomuunguza mdogo wangu, na tulivyomtuliza

Mdogo wangu alijipaka asidi ya glikoliki aliyonunua Moshi mjini. Kichupa kimeandikwa 30% basi, pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, ukali unapanda) hakuna. Mashavu yakaiva, yakawaka moto. Nilimpeleka bombani, maji ya kawaida yakamtiririkia dakika 20. Jirani alikuja na dawa ya meno, nikamshukuru nikaiweka kando. Baadaye vaselini tu, na ngozi inayobanduka haivutwi. Hapo ndipo tuligombana, maana mikono yake haitulii.

Kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC walisisitiza kofia na losheni ya jua, SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, kwa kuwa ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa. Glikoliki ya kujipaka nyumbani isizidi 10%, pH isishuke chini ya 3.5. Siku hizi hujaribu kwanza nyuma ya sikio, anasubiri saa 24.